Wiki tuliyopangiwa si ya kawaida: tuandike safari zipi?

*"Tunaishi Leicester, familia ya watu watano. Tulipata barua ya National Travel Survey, utafiti wa serikali kuhusu safari za watu, baadaye mama mmoja mwenye kitambulisho akaja kutuhoji, akatuachia vijitabu, kila mtu aandike safari zake zote kwa siku saba. Shida ni kwamba wiki tuliyopangiwa watoto wako likizo, na mimi nimechukua mapumziko siku mbili. Kwa kawaida huzunguka nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee, kuanzia jioni hadi usiku. Je, niandike wiki yetu ya kawaida badala ya hii? Kutembea hadi dukani kununua maziwa nako ni safari? Mama mkwe hatoki, si tumwache tu? Mume wangu anasambaza vifurushi kwa gari, anasema hawezi kuandika milango mia kwa siku, na anahisi ni upelelezi. Anataka tuandike 'hatukutoka' tumalize. Na katika mji mzima huu, kwa nini sisi?"*

Dada, asante kwa kuuliza kabla hamjaanza kujaza. Jibu fupi ni hili: andikeni wiki hii hii mliyopangiwa, jinsi itakavyokwenda, pamoja na likizo yake. Usiweke wiki nyingine mahali pake, hata kama unaona hiyo nyingine ndiyo inayowaonyesha ninyi hasa. Wasiwasi wako nauelewa. Unaogopa kwamba siku mbili za mapumziko zitamfanya mtu anayerudi kutoka kazini usiku wa manane aonekane kama mtu wa kukaa nyumbani. Lakini kijitabu hakikuulizi maisha yako kwa kawaida yakoje. Kinakuuliza ulikwenda wapi katika siku saba fulani, na utafiti mzima umejengwa juu ya tofauti ya maswali hayo mawili.

Kaya hazipangiwi wiki moja. Tarehe za kuanza husambazwa mwaka mzima, ili kila siku ya kalenda iwe na watu wa kuisimulia. Ninyi mmeangukia likizo ya shule. Kaya nyingine itaangukia wiki ya mitihani, nyingine Krismasi, nyingine wiki ambayo gari liko gereji na mtoto ana homa. Zikijumlishwa zote, mwaka unajikamilisha. Kila mmoja akisema "hii si kawaida yetu" na kuweka wiki aliyoichagua, England ya kwenye takwimu itakuwa nchi isiyo na likizo, isiyo na wagonjwa na isiyo na mvua ya kumfungia mtu ndani.

Mwaka 2019 utafiti huu ulionyesha kwamba mkazi wa England alifanya wastani wa safari 953 kwa mwaka, kwenda na kurudi zikihesabiwa mbili, yaani kama safari 18 kwa wiki. Mwaka 2020, mwaka wa korona, wastani ukashuka hadi 739. Sasa fikiria kila kaya ya mwaka 2020 ingesema: "Huu si mwaka wa kawaida, ngoja tuandike tulivyokuwa tukisafiri zamani." Anguko hilo lote lisingeonekana popote. Limeonekana kwa sababu watu waliandika kilichotokea, hata waliokuwa na ukurasa wenye safari moja tu ya kwenda duka la dawa.

Kuhusu kwa nini ninyi: hamkuchaguliwa ninyi, ilichaguliwa anwani. Watafiti huchukua orodha ya anwani ambazo posta ya Uingereza, Royal Mail, hupeleka barua. Kwanza hupigwa kura ya bahati nasibu ya maeneo, kwa kuhakikisha kuna maeneo ya mijini na ya mashambani, yenye magari mengi na yenye machache. Kisha ndani ya kila eneo hupigwa kura ya anwani. Hakuna aliyetazama jina mlangoni wala asili ya mtu. Utafiti wenyewe si mpya: ulianza mwaka 1965, ukawa wa kila mwaka bila kukatika tangu 1988, na tangu 2013 unahoji wakazi wa England peke yake. Kabla ya korona ulikuwa ukipata takriban kaya 7,000 zenye watu 16,000 kwa mwaka.

Watu wengi hudhani wakikataa, mhoji atagonga mlango wa jirani. Hagongi. Anwani iliyotoka kwenye kura haibadilishwi na nyingine, kwa sababu jirani anayefungua mlango kwa hiari si sawa na yule aliyekuwa kazini mhoji alipopita. Pengo linalobaki hurekebishwa baadaye kwa hesabu: waliojibu hupewa uzito, ili idadi ya wanawake na wanaume, vijana na wazee, na watu wa kila mkoa ilingane na idadi halisi ya nchi. Hesabu hiyo ni nzuri, ila ina upofu wake, na hapa ndipo nakuomba unisikilize kwa makini. Inajua umri wako, jinsia yako na kwamba uko mkoa wa East Midlands. Haijui kwamba saa tano za usiku umesimama kituoni ukisubiri basi. Wahudumu wa wazee kama wewe wakikosekana, nafasi yao itajazwa na wanawake wa umri wao na mkoa wao waliojibu, ambao wengi hutoka kazini jioni na jua bado lipo. Uzito utawafanya wale wasemee hata ninyi, na jedwali litatoka likiwa limelingana vizuri kabisa, huku basi lako la usiku halimo.

Sasa tuje kwenye kijitabu, maana maswali yako ya safari ni ya msingi. Kwa utafiti huu, safari ni mwendo wa upande mmoja wenye lengo moja kuu. Kwenda ni safari, kurudi ni safari nyingine. Ndani ya safari moja mna vipande: ukibadilisha chombo, au ukihitaji tiketi nyingine, kipande kipya kimeanza, lakini safari ni ile ile. Chukua jioni yako ya kazi, siku moja ambayo huna mapumziko. Unatoka nyumbani saa kumi, unapanda basi hadi katikati ya mji, unapanda la pili hadi kwa mzee wako wa kwanza. Hiyo ni safari moja yenye vipande viwili vya basi, na chombo kikuu ni kile kilichokupeleka umbali mrefu zaidi.

Kutoka kwa mzee wa kwanza hadi wa mwisho hulazimiki kuandika kila nyumba. Mzunguko wa kazi wenye vituo vingi, kwa lengo lile lile na chombo kile kile, huandikwa kama safari moja inayoanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Wabunifu wa utafiti waliona mapema kwamba mtu anayezunguka kikazi akitakiwa kuandika kila mlango, siku ya pili ataweka kalamu chini.

Mumeo akikufuata kwa gari usiku, ana safari mbili: ya kuja kukuchukua na ya kurudi nawe. Lengo lake linaitwa kusindikiza, na ni kundi kamili la safari katika takwimu hizi. Kabla ya tafiti kama hizi kulitenga kundi hilo, mtu angeweza kudhani barabara zimejaa watu wanaokwenda kazini tu, wakati sehemu kubwa ya mizunguko ya siku ni ya kupeleka mtoto, kumfuata mgonjwa, kumsubiri mtu mlangoni, na wanawake hufanya safari hizo zaidi ya wanaume. Na kama mumeo amewabeba watoto kiti cha nyuma kwa sababu hawezi kuwaacha peke yao, nao wana safari hizo hizo mbili kwenye vijitabu vyao, hata kama walilala njia nzima. Wewe una moja, ya kurudi nyumbani.  Katika takwimu, safari ya kurudi nyumbani hupewa lengo la kule ulikotoka, kwa hiyo yako ni ya kazi.

Mumeo mpe habari njema. Milango yake mia haihitajiki. Anayeendesha gari ili kusambaza mizigo au kubeba abiria haandiki safari anazofanya ndani ya kazi hiyo, kwa sababu utafiti unapima mwendo wa watu kwa shughuli zao, na mwendo wa mizigo hupimwa kwa njia nyingine. Aandike alivyokwenda kuanza kazi, alivyorudi, na alikopita kwa mambo yake mwenyewe. Ukurasa wake huenda ukawa mfupi kuliko wa mtoto.

Maziwa ya dukani sasa. Ndiyo, ni safari, tena ndiyo aina inayopotea kuliko zote, na hapa kuna utaratibu ambao maelekezo hueleza lakini wengi huuruka. Kutembea kwa miguu chini ya maili moja huandikwa siku moja tu kati ya zile saba. Zamani ilikuwa siku ya saba. Tangu 2017 ni siku ya kwanza, kwa sababu siku ya mwisho watu wamechoka na huacha mengi. Hiyo siku moja baadaye huzidishwa kwa saba ili iwakilishe wiki nzima. Unaona basi uzito wa siku ya kwanza: ukisahau kwenda na kurudi dukani, hujasahau safari mbili, umesahau kumi na nne. Siku hiyo andika kila mguu uliotembea barabarani: dukani, kituoni, msikitini, kwa jirani wa mtaa wa pili. Hata ile jioni yako ya mabasi mawili, ikiwa ni siku ya kwanza, matembezi ya kutoka nyumbani hadi kituoni yanaongezwa kama kipande cha tatu. Siku nyingine sita, matembezi yasiyofika maili yaache. Yale ya hatua chache tu, kama kuvuka hadi nyumba inayotazamana na yenu, hayahesabiwi hata siku ya kwanza.

Si Waingereza peke yao wanaohangaika na miguu. Nairobi, wataalamu wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, walipohoji kaya katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya mpango mkuu wa usafiri wa jiji, karibu nusu ya safari zilikuwa za kutembea. Angehesabiwa mwenye gari na abiria wa matatu tu, nusu ya mwendo wa jiji ingekuwa haipo, na anayepanga barabara asingekuwa na sababu ya kuweka njia ya waenda kwa miguu.

Mama mkwe msimwache. Kijitabu kitupu na kijitabu kilichoandikwa "leo hakutoka" ni vitu viwili tofauti kabisa. Kitupu kinamwambia mchambuzi kwamba hajui. Kilichoandikwa kinamwambia kwamba kuna mama mtu mzima Leicester aliyekaa siku tano ndani, na hilo ni jambo ambalo mpangaji wa mabasi anapaswa kulijua. Ila kabla ya kuandika hakutoka, muulize mwenyewe, polepole, siku kwa siku. Wazee wetu husema "sikwenda popote" wakimaanisha hawakwenda pa maana. Ukiuliza "Mama, dawa ulichukua wapi? Ijumaa nani alikupeleka? Yule mama wa Tanga ulimwona wapi?" safari zinaanza kutoka moja moja. Mwandikie wewe kama yeye hawezi kushika kalamu. Hilo linaruhusiwa, na watoto nao huandikiwa na wazazi.

Angalia saa pia. Mama akikwambia alitoka saa tatu asubuhi, andika 9. Mtu akiandika 3, kwa msomaji wa Kiingereza ama amekwenda kliniki usiku wa manane ama alasiri, na hakuna mashine itakayojua kwamba aliyesema alikuwa anahesabu tangu jua lichomoze.

Swali litakalokuja baadaye, nalijua, ni kwa nini siku saba zote hizo. Marekani wanaomba siku moja tu: kila mwanakaya wa miaka mitano na zaidi hueleza safari zake kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi alfajiri ya kesho yake, mkato uliowekwa hapo ili anayerudi usiku sana asikatwe katikati ya safari. Mwaka 2017 walipata hivyo kaya zaidi ya 129,000. Siku moja haichoshi, na kumbukumbu bado ni mbichi. Afrika Kusini, ambako shirika la takwimu la taifa limefanya utafiti wa namna hii mwaka 2003, 2013 na 2020, mhoji huuliza pia muda na gharama za safari ya kazini na shuleni, kwa sababu kule nauli ya teksi za abiria ni sehemu kubwa ya kipato cha mtu. Mimi naona wiki nzima ina thamani ambayo siku moja haiwezi kutoa. Siku moja ingekuonyesha wewe kama abiria wa basi, au kama mtu aliyelala nyumbani, mojawapo. Wiki inaonyesha mtu yule yule akipanda basi Jumatatu, akibebwa kwa gari Alhamisi usiku kwa sababu basi limeisha, na akitembea Jumapili. Anayepanga usafiri akijua hilo, anajua kwamba wewe ungepanda basi Alhamisi pia kama lingekuwepo.

Gharama ya wiki ni uchovu. Safari zinazoandikwa hupungua kadiri siku zinavyokwenda, si kwa sababu watu wanaacha kutoka bali kwa sababu wanaacha kuandika, na wachambuzi wana marekebisho ya hesabu kwa hilo. Marekebisho hayajui ni safari ipi uliyoiacha, kwa hiyo dawa bora ni ninyi kuandika kila usiku kabla ya kulala, watano mezani. Msingoje Jumapili.

Nimeliacha la mumeo mwisho kwa sababu linastahili jibu la heshima. Kuandika "hatukutoka" ili kumaliza ni jambo linalojulikana sana katika kazi hii. Ni kukataa kwa upole. Lakini ni kubaya kuliko kukataa wazi. Ukikataa, mchambuzi anajua una pengo na anajaribu kuliziba. Ukiandika uongo, unaingia kwenye hesabu kama ukweli, na familia yenu itasimama kwa niaba ya maelfu ya familia ambazo eti hazihitaji basi, wala njia ya miguu, wala chochote. Kushiriki ni hiari. Akikataa kabisa, amwambie mhoji hivyo na hakuna adhabu. Ninyi wengine mkipenda kuendelea, mweleze mhoji mapema kwamba mmoja hatajaza, maana kaya iliyokamilika ina faida kubwa: ndipo inapoonekana nani alimsindikiza nani, na gari lilikuwa na nani.

Kuhusu upelelezi: hofu hiyo haikutoka hewani. Wengi wetu tumewahi kujaza fomu iliyogeuka shida. Data za utafiti huu hutumika kwa takwimu na utafiti. Majina na anwani huondolewa kabla watafiti wa nje hawajaipata, na inayowekwa kwenye hifadhi ya taifa ya data ina nambari na makundi, haina watu wa kutajwa. Watakuuliza kipato, na swali hilo huwashtua wengi. Linaulizwa kwa viwango, ili ijulikane kama anayelipwa kidogo hutumia muda mrefu zaidi njiani. Namba ya siri ya benki hawaulizi, na hawaombi pesa. Anayeuliza hayo si mhoji wa utafiti huu, hata awe na kitambulisho kizuri namna gani.

Kama bado kuna shaka juu ya mama aliyekuja, msipige namba iliyo kwenye barua. Ingieni tovuti ya serikali ya Uingereza, tafuteni ukurasa wa National Travel Survey wa Wizara ya Uchukuzi, mchukue mawasiliano kutoka huko na muulize kama mhoji wenu ni wao. Ofisi ya Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, iliyo karibu nanyi inaweza kuisoma barua pamoja nanyi bila malipo. Na kama hofu ya mumeo kwa kweli inahusu makaratasi ya uhamiaji ya mtu yeyote nyumbani humo, swali hilo si langu wala si la mhoji: mtafute mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa au wakili, mkae naye ana kwa ana kabla ya kuamua lolote, na kijitabu kisubiri. Yanayohusu kijitabu chenyewe, kama zamu inayovuka usiku wa manane iandikwe siku gani, mpigie mhoji wenu. Yeye ndiye atakayerudi kuvichukua na kupitia ukurasa kwa ukurasa pamoja nanyi, na angependa zaidi aulizwe siku ya kwanza kuliko akute kimefutwafutwa siku ya saba.